Barua kwa wazazi wa Tanga: mpunguzieni mtoto, kisha mfundisheni kuogelea

Wanangu wazazi wa Ngamiani, Makorora, Chumbageni na kwingineko jijini,

Shule zikifunguliwa tu, mnaanza kunisimamisha sokoni na hata msibani: Mwalimu, mtoto nimwandikishe nini baada ya masomo? Juzi mama mmoja aliniuliza hivyo kuhusu kijana wake wa darasa la tatu. Mtoto anatoka shule saa nane na nusu mchana, anapitia tuisheni, anakwenda chuoni kusoma Kurani, anarudi magharibi. Jumamosi karate, Jumapili kompyuta. Mama anataka kujua aongeze nini. Nilimwambia apunguze, akacheka akidhani namtania. Sikuwa namtania, ndiyo maana leo naandika.

Fanyeni hesabu na mimi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anatakiwa alale kwa muda wa saa 9 hadi 12 kila usiku. Anayeamshwa saa kumi na moja alfajiri kuwahi daladala, ili apate hizo 9 tu, saa mbili usiku awe ameshasinzia. Sasa kati ya magharibi na saa mbili mnataka aoge, ale, aandike kazi za shule na asikilize mawaidha ya baba. Asubuhi akisinzia darasani mnaambiwa mzito wa kuelewa. Si mzito, ana usingizi.

Mnachanganya pia mambo mawili. Tuisheni si shughuli ya ziada, ni darasa lile lile limehamia kibarazani. Chuo nacho siwaambii mkiache, Mungu aniepushe, lakini huko pia mtoto anakaa, ananyamaza na anasahihishwa. Kwa hiyo kabla hamjamwandikisha popote tayari ana shule tatu. Shirika la Afya Duniani linasema watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate kwa wastani dakika 60 kila siku za kuutumikisha mwili mpaka moyo uende mbio. Dakika hizo hazina ada. Rede, kombolela na mpira wa makaratasi kwenye barabara zetu za namba zinatosha kabisa. Kucheza ni haki yake: imeandikwa katika ibara ya 31 ya Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, na Tanzania iliuridhia mwaka 1991.

Ushauri wangu basi ni shughuli moja ya kuandikishwa, na alasiri mbili kwa juma zisizo na mwalimu yeyote. Mwenye nafasi na uwezo aongeze ya pili mtoto akiiomba mwenyewe.

Mkiniuliza hiyo moja iwe ipi, sina kigugumizi: kuogelea. Tunaishi mji wa bahari, na nawajua watu wazima wengi hapa ambao maji yakiwafika kifuani wanaita mama zao. Kuzama ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya watoto wa miaka 5 hadi 14 duniani, na Shirika hilo hilo la Afya Duniani linashauri watoto waliopita miaka 6 wafundishwe kuogelea, usalama wa majini na namna ya kumwokoa mwenzao bila kujitumbukiza. Hilo la mwisho ndilo muhimu kuliko mbwembwe za kupiga mbizi. Mtoto ajifunze kutupa kamba, dumu tupu au ubao, na kupiga kelele aitwe mkubwa.

Kule Raskazone kuna klabu za kuogelea. Nendeni mkaulize, na muulize hasa nani anakaa nje ya maji akihesabu vichwa. Mnaowafundisha wenyewe ufukweni, waulizeni wavuvi kwanza. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa, tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3, na mkondo wa maji yanayotoka haujali kama mtoto alifundishwa. Anzeni siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, asubuhi, mahali penye mchanga.

Na mabinti? Najua mtasema stara. Nungwi, Unguja, wasichana wamefundishwa kuogelea wakiwa wamevaa nguo zinazofunika mwili mzima, na wanawake wenzao ndio wanaowafundisha. Bahari haichagui mvulana wala msichana, kwa hiyo msimwache binti nyumbani eti aoshe vyombo.

Mtoto asiyependa maji, baada ya kujua kujiokoa, mwangalieni anachofanya mkiwa hamjamtuma. Anayepiga ndoo ya maji mpaka jirani alalamike, mtafutieni ngoma au kwaya. Anayebishana na kila mtu, mpelekeni kwenye klabu ya midahalo kama shule inayo. Msimpeleke kwenye mpira kwa sababu nyie wagosi mlitamani kuchezea Coastal Union na hamkuitwa.

Kabla ya kulipa, kaeni mtazame mazoezi mwanzo mpaka mwisho. Mwalimu anayekataa kutazamwa, ondokeni. Mtoto asibaki peke yake na mtu mzima chumbani au garini, hata mtu huyo awe na cheo gani msikitini au kanisani. Mwambieni waziwazi kwamba hakuna siri kati yake na mwalimu ambayo mama asiijue. Akichaguliwa kwenda kambi ya UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi, furahini, kisha mkaulize analala wapi, na nani analala na watoto. Kwa mabinti lazima awepo mwalimu wa kike. Mkuu wa shule akiona mnamsumbua, msumbueni tu.

Kuna watoto wanaoanza leo na kuacha kesho. Kubalianeni kabla ya kuanza: atamaliza muhula, halafu ataruhusiwa kuacha bila kusimangwa. Lakini akianza kuumwa tumbo kila siku ya mazoezi, msisubiri muhula. Kaeni naye chini, mmuulize taratibu nani yuko pale.

Mtaniuliza kuhusu darasa la saba, kwa sababu mtihani ni Septemba na wengi hukata michezo yote tangu Januari. Mimi nimefundisha darasa hilo kwa miaka mingi na sikubaliani nanyi. Kateni karate ya Jumamosi kama ni mbali na nauli inauma. Zile dakika 60 za kukimbia jioni ziacheni zilivyo, hata juma la mtihani, ila arudi kabla ya adhana ya magharibi.

Wenu,
Mwalimu mstaafu, Ngamiani