Mkono wa Idd kutoka Lichtenberg

Assalaamu alaykum ndugu zangu, jamaa na marafiki, wa Unguja na Pemba, wa Bara, wa Mombasa, wa Maskati, na sisi tuliotapakaa Ulaya ambao kila mwaka tunagombana kama mwezi umeandama au haujaandama. Idd Mubarak. Minal aidin wal faizin, kullu aam wa antum bikhayr. Mwenyezi Mungu azitakabali saumu zetu na sala zetu, awarehemu waliotangulia, awape shifaa wagonjwa, na atujaalie kuifikia Ramadhani nyingine tukiwa na afya na imani. Amin.

Hizo ndizo salamu za wajibu, na kama zinafanana na za mwaka jana mnisamehe, dua haichakai. Yanayofuata ni ya moyoni, na ni marefu. Mwenye pilau jikoni akaliangalie kwanza.

Mwaka huu wa 1447 Hijria umetubana. Nyumbani naambiwa Ramadhani ilipoingia muhogo, nazi na mkungu wa ndizi vikapanda bei kama kawaida yake, na wauzaji wetu, Waislamu wenzetu, wakafunga na kusali tarawehe bila ya haya yoyote. Huku Berlin, mtaa wa Lichtenberg, nazi unanunua kwa kubahatisha, ukiivunja nusu imeshaoza, na pesa hairudishwi. Lakini hayo ya bei tumeyazoea. Mwishoni mwa Oktoba mtandao ulipozimwa Tanzania siku ya uchaguzi, tulikaa na simu mikononi tukitazama ujumbe wenye tiki moja. Unaandika "mko salama?", tiki moja. Unaandika tena, tiki moja. Sina la kuongeza hapo, kila mwenye ndugu nyumbani anaijua hofu ile. Halafu mwezi wa Rajabu mama yangu akafariki. Alizikwa Mwanakwerekwe siku ile ile baada ya Alasiri, mimi nikiwa bado natafuta tiketi ya ndege.

Jirani yangu wa ghorofa ya juu ni mama wa Kivietnam, mtu mzima, anakaribia sabini. Tunaongea Kijerumani, chake cha kiwandani na changu cha kujazia fomu, kwa hiyo hatuna maneno mengi. Aliposikia nimefiwa hakusema pole. Alishuka na sufuria ya uji wa mchele wenye tangawizi na majani ya vitunguu, akaiweka mezani, akanitia kijiko mkononi, akakaa. Sikuweza kula. Akaichukua sufuria, akaipasha moto kwenye jiko langu, akairudisha. Ukapoa tena, akaupasha tena. Mwisho nikala, naye akaosha sufuria yake na bakuli langu akapanda kwake. Kesho yake ndiyo akanieleza kwamba mama yake alikufa yeye akiwa kwenye mkataba, na barua ya msiba ilimfikia watu wameshamaliza matanga.

Mkataba anaousema ni ule wa kazi wa 1980 baina ya Vietnam na Ujerumani Mashariki. Ulipobomoka ukuta wa Berlin mwaka 1989 walikuwako karibu Wavietnam 60,000 waliokuja kwa njia ile. Wengi walipelekwa kwenye viwanda vya nguo na viatu, wakalazwa kwenye mabweni, mita tano za mraba kwa kila mtu. Asilimia 12 ya mshahara ilikatwa kwa ajili ya kuijenga nchi yao Vietnam, iliyokuwa imetoka vitani juzi tu. Wakitoka zamu wanakaa kwenye cherehani chumbani, wanawashonea Wajerumani suruali za jinzi, maana madukani zilikuwa adimu, na pesa ile ikageuzwa baiskeli, sukari, sabuni na vitambaa, ikapakiwa makasha kwa makasha kwenda nyumbani. Nani kati yetu asiyeijua biashara hiyo ya makasha?

Na kulikuwa na sharti la mimba. Mwanamke wa mkataba akishika mimba alikuwa na mawili, aitoe au arudishwe kwao, na kurudishwa maana yake ni aibu na deni. Sharti hilo lililegezwa mwaka 1989 wenyewe, nchi ikiwa imebakiza miezi yake ya mwisho. Mama jirani hasemi kama yeye yalimkuta, na mimi siulizi. Anasema tu kwamba kwenye chumba chao mara kitanda kimoja kinakuwa kitupu, mara analetwa mgeni, na waliobaki wanapika kama kawaida.

Ukuta ukaanguka, viwanda vikafungwa, wakaambiwa wachukue marki 3,000 na tiketi warudi kwao. Wengi walirudi. Waliobaki waliuza maua, waliuza mboga, waliuza chochote, mpaka walipopewa haki ya kukaa. Agosti 1992 kule Rostock, mtaa wa Lichtenhagen, jengo lililokuwa na Wavietnam zaidi ya mia moja lilitiwa moto huku watu wakishangilia barabarani, nao wakaokoka kwa kupanda juu ya paa. Hayo anayasimulia huku anachambua mboga, bila ya kuinua kichwa. Leo soko la Dong Xuan hapa Lichtenberg lina kila kitu chao, kuanzia majani ya kufungia vyakula mpaka samaki hai, na Wajerumani wanakuja kula wakiwa na kamera zao.

Sasa sikilizeni maajabu ya mwaka huu. Tết, mwaka mpya wao, iliangukia tarehe 17 Februari, mwaka wa farasi, na hapo hapo Ramadhani yetu ikaandama. Wao wanahesabu kwa mwezi, sisi tunahesabu kwa mwezi, ukatokea mwezi mchanga mmoja ukawafungulia wao mwaka na sisi saumu. Ngazi nzima ya jengo letu ilinuka vyakula usiku kucha. Jengo lenyewe ni la zege, refu, mtu wa Michenzani, Unguja, akiingia atajiona kwao, na si ajabu, maana ni Wajerumani hawa hawa wa Mashariki waliotuchorea majumba yetu baada ya Mapinduzi.

Kwa Tết mama jirani hupika bánh chưng. Ni mchele wa kunata na choroko zilizokobolewa, katikati nyama ya nguruwe, vinafungwa kwa majani mraba kwa mraba, vinakazwa kwa kamba, halafu vinachemshwa saa kumi na zaidi, na anayechemsha halali kwa sababu maji yakipungua lazima yaongezwe. Vya kwangu huvifanya vya choroko tupu, kwenye sufuria ya peke yake aliyonunua mpya. Mpini wake ameufunga utepe mwekundu ili wajukuu wasije wakaikosea. Mimi sikumwomba afanye hivyo, na sijui nani alimfundisha.

Siku za kawaida anapika phở, supu yao ya tambi. Mifupa ya ng'ombe ananituma mimi kwa Mturuki wa nyama za halali, ili sote tupate kula. Tangawizi na vitunguu maji anavichoma juu ya moto wenyewe mpaka maganda yanakuwa makaa, anavikwangua, anavitumbukiza kwenye mchuzi pamoja na mdalasini, kile kiungo chenye umbo la nyota, na karafuu chache. Karafuu anazihesabu. Ikizidi moja anaisaka kwa kijiko mpaka aitoe. Nilipomwambia karafuu ni mali ya kwetu alikwenda kuleta chupa, akamimina zote kwenye sahani, akataka nimwonyeshe zipi za Pemba. Basi hapo nikababaika. Indonesia siku hizi wanalima nyingi mno kutushinda, na karafuu ikishafika Berlin haina pasipoti.

Lakini niliziokota moja moja kutoka kwenye ile sahani, na mikono yangu ikaanza kufanya kazi bila ya kutumwa, karafuu huku, makonyo, yaani vikonyo vyake, huku, ingawa makonyo hayakuwemo. Hivyo ndivyo alivyokuwa mama yangu msimu wa karafuu, jamvini, taa ya chemli pembeni, anachambua mpaka usiku wa manane, na alfajiri anaamka kukaanga vitumbua vya kuuza. Vidole vyake vilikuwa vinanuka karafuu hata siku ya Idd, hata baada ya kupaka hina na udi. Sijawahi kumwona amekaa chini akala sahani ya Idd ikiwa bado ya moto. Alikuwa anasema ameshashiba kwa kuonja. Tulimwamini, au ilitufaa kumwamini.

Tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake, ambayo Berlin ni mapumziko tangu 2019, mwaka huu iliangukia Jumapili katikati ya Ramadhani. Simu yangu ilijaa picha za mawaridi kutoka kwa kaka zangu, shemeji zangu na wajomba wa Maskati. Mama ni nguzo, mama ni dunia. Saa za magharibi zilipokaribia, hao hao waliotuma mawaridi wakaanza kuuliza kwenye kundi la familia kama futari ya nyumba fulani ina tambi au haina. Mama jirani alicheka sana nilipomhadithia. Anasema kiwandani siku hiyo kila mwanamke alipewa ua moja jekundu, na zamu ya usiku ikaanza saa ile ile.

Ndugu zangu, niruhusuni nipande mimbari kidogo, leo ni sikukuu na imamu ameshateremka. Mtume, rehema na amani zimshukie, amesema asiyewashukuru watu hamshukuru Mwenyezi Mungu. Bi Aisha alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alisema alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumbani kwake. Hadithi hizi tunazisoma, tunazilia, tunazitia kwenye hotuba za ndoa, halafu tunanyoosha miguu tunasubiri biriani. Kuna mwanaume amefunga mwezi mzima na hajui chumvi ya nyumba yake inakaa kabati gani!

Wanaopika Idd hii ni wengi kuliko tunaowaona. Wako dada zetu walioko Maskati na Dubai wanaokaanga na kuoka kwenye nyumba za wenyewe, na watoto wao wamewaacha kwa bibi Tanga na Unguja. Wako wanaobangua korosho. Korosho nyingi za Mtwara husafirishwa zikiwa ghafi mpaka Vietnam, huko wanawake wakazibangua na kuzichagua, na utomvu wa ganda lake unababua vidole, kisha zinatufikia hapa kwenye pakiti nzuri tukazitia kwenye pilau. Mwenye kula amshukuru na huyo asiyemjua. Na shukrani iwe na mkono, isiwe ya mdomo. Unayetuma pesa nyumbani, tuma kabla ya sikukuu, si siku ya pili ukiwa umeshaona picha za vyakula. Unayeishi na mama yako, mwaka huu mkalishe, mpakulie, na usimwache ainuke kwa kisingizio cha kutafuta kisu. Dada, usimfundishe binti yako kwamba kushiba kwa kuonja ni heshima. Kaka, sinki halimvunjii mtu uanaume wake. Na wewe uliyenuniana na dada yako kwa ajili ya nyumba ya urithi, mpigie leo, nyumba hiyo haitakuzika. Khitma zetu zina vyakula vingi na machozi mengi, na marehemu hapati hata tonge. Tuwape wakiwa hai, wakiwa na meno, wakiwa wanaweza kutukaripia kwamba tumezidisha chumvi!

Basi nateremka, najua mmechoka.

Salamu kwa mama mdogo wa Wete, kwa shangazi wote wa Ng'ambo, kwa mjomba wa Ruwi na watoto wake waliosahau Kiswahili. Waliofiwa mwaka huu Mwenyezi Mungu awape subira, nami mniombee. Fitri nimeshatoa, na mkono wa Idd wa watoto nimeutuma kwa simu, kila mzazi ahakikishe haukatwi njiani. Walioko Berlin, baada ya sala karibuni kwangu. Pilau lipo, mchuzi wa mama jirani upo, naye kaniambia atakaa mezani na sisi tangu mwanzo, jikoni watakuwepo kaka zangu wawili. Mje na vyombo vya kubebea, na msiegeshe magari mbele ya lango, mwaka jana tulipigwa faini. Idd Mubarak.