Kwa shangazi ambaye hajawahi kunywa ulanzi

Shikamoo shangazi,

Najua barua hii utasomewa na mjukuu kwenye simu, na majirani waliokuja kukujulia hali wataisikia. Ndiyo maana nimeiandika hadharani. Yanayosemwa huko Kilolo tangu tumbo lako lijae maji na macho yawe ya manjano yamenifikia hata huku Mbeya: eti ulikuwa unakunywa ulanzi, ile pombe ya mianzi, kwa kificho, eti kuna mtu kakutupia kitu. Yamenichoma. Na yote yamepata mwanya kwenye maneno mawili aliyoandika daktari kuhusu ugonjwa wako, sirosisi ya ini: chanzo hakijulikani.

Sirosisi ni makovu, shangazi. Ini likiumizwa miaka na miaka hujitibu lenyewe, na linapojitibu linaacha kovu, mpaka makovu yanachukua nafasi ya nyama nzima na ini linakuwa gumu, mara nyingi linasinyaa. Damu inayotoka kwenye utumbo na bandama inakosa njia. Bandama inavimba, maji yanavujia tumboni, mishipa ya damu iliyo ndani ya njia ya chakula, chini ya koo, inatutumka. Pombe inaweza kulifikisha ini hapo. Lakini homa ya ini B na C nazo zinalifikisha. Mafuta yaliyojazana kwenye ini, kinga ya mwili inayoligeukia ini, madini ya chuma au shaba yanayorundikana kwa maradhi ya kurithi, hata dawa fulani zikitumika muda mrefu, vyote vinaishia kwenye kovu lile lile.

Daktari anapoandika kwamba chanzo hakijulikani, maana yake ametafuta hayo, akakuuliza, akakupima damu, na hakupata jibu la uhakika kwa vipimo alivyonavyo. Hajasema ulimficha kitu. Hajasema ni mambo ya kwenda kwa mganga.

Na wewe si wa kwanza kutoaminiwa. Mwaka 1980, Jürgen Ludwig na wenzake wa Mayo Clinic kule Marekani waliandika kuhusu wagonjwa 20 ambao ini lao chini ya hadubini lilifanana na la mlevi, ilhali hawakuwa walevi. Ni mafuta yaliyokuwa yakilichoma. Virusi vya homa ya ini C navyo vilitambuliwa mwaka 1989 tu. Kabla ya hapo wagonjwa wengi wa virusi hivyo nao waliitwa wasio na chanzo. Kwa hiyo kundi hili limekuwa likipungua kadiri elimu inavyoongezeka.

Wewe una kisukari cha muda mrefu, na kabla hujaugua ulikuwa na mwili mkubwa. Siwezi kukupa jibu ambalo daktari hajalitoa, lakini mwambie hayo mawili waziwazi, maana madaktari wengi wanaamini kwamba wagonjwa wengi wa kundi lako walianza na mafuta kwenye ini. Makovu yakishakomaa, mafuta yenyewe yanaweza kutoweka. Ni kama shamba lililoungua: ukifika baadaye unaona majivu, huoni tena kilichokuwa kimeota. Hata wakichukua kinyama cha ini wakapime, wakati mwingine ushahidi umeshapotea.

Waambie na wanao wasiogope kikombe chako. Makovu hayaambukizi. Lakini wapime sukari, na homa ya ini B kama hawajawahi kupima, na waulize kama kuna vipimo vya kurithi vinavyowahusu.

Matibabu hayasubiri chanzo kijulikane. Zile dawa za kukojoza zinapunguza maji, basi punguza na chumvi, zisifanye kazi bure. Usikubali kuambiwa uache mayai, maharage na samaki. Mwili wako unapoteza nyama na unahitaji chakula cha kujenga. Usilale na njaa, kunywa kikombe cha uji kabla ya kulala. Mahindi yenye ukungu yasiingie jikoni kwako kabisa, sumu yake inaleta saratani ya ini. Kahawa nitakutumia kutoka Mbozi, uinywe bila sukari, tafiti nyingi zimeikuta ikiendana na ini kupata makovu machache. Altrasaundi irudiwe kila miezi sita, ili saratani ikianza ionekane ikiwa ndogo.

Lile ninalokuomba kwa kupiga magoti ni ule unga wa mizizi uliouziwa mnadani. Uache, na ukapeleke kliniki daktari auone. Baadhi ya mitishamba inaumiza ini, na lako halina akiba. Diklofenaki za mgongo nazo ziache, pamoja na ibuprofeni. Zinaumiza figo zako na kuchochea kuvuja damu. Ukiumwa, uliza kiasi cha parasetamoli kinachokufaa wewe.

Kipimo cha kamera ya kooni usikiahirishe mpaka mavuno yaishe. Wakiona mishipa imetutumka, kuna vidonge vya kushusha msukumo wake, na kuna kuifunga kwa mpira. Nawe mjukuu unayesoma, sikiliza vizuri hapa: bibi akitapika damu, akipata choo cheusi kama lami, akipata homa na maumivu ya tumbo, au akianza kuchanganyikiwa na kusinzia mchana kutwa, msisubiri kuche wala msimwite mtu wa kuombea kwanza. Tafuteni gari usiku huo huo mumfikishe hospitali, nauli nitatuma mkiwa njiani.