Barua kwa mpwa wangu anayeandika filamu ya wauza unga

Mpwa wangu,

Muswada wako niliupata, nikausoma usiku mmoja hadi ukurasa wa mwisho. Una kipaji, na sisemi hivyo kwa sababu wewe ni damu yangu. Watu wako wanaongea kama watu, na ile sehemu ya mzigo kuhamishwa gari hadi gari huku mvua ikinyesha niliirudia mara mbili. Kama nimechelewa kukujibu ni kwa sababu kila nilipoanza kuandika habari za muswada wako, nilijikuta naandika habari za mtu mwingine. Mwishowe nimeamua niandike hivyohivyo, tena hadharani, maana wanaozipenda filamu hizi tuko wengi, na mimi ni mmoja wao.

Nianze na jambo dogo. Muuza unga wako ana majina matatu: alilopewa na mama yake, la mtaani, na lile wanalomwita polisi. Mbwa wake naye ana jina. Lakini wanaonunua kete zake umewaandika "Teja wa kwanza" na "Teja wa pili", na ukurasa wa 40 yupo "Teja mwanamke", amebeba mtoto mgongoni, anatamka maneno mawili na hatumwoni tena. Ndivyo tulivyozoeshwa kutazama. Tangu utotoni tunajua stelingi hafi, na hata akifa, hufa amesimama, bunduki mkononi, muziki umepanda. Teja hufa pembeni ya picha, kamera ikiwa inapita.

Mfikirie Al Pacino. Picha yake akiwa Tony Montana, muuza kokeini katika filamu ya Scarface ya mwaka 1983, umeibandika juu ya kitanda chako, na vijana wengi duniani wameibandika vilevile. Sasa, miaka 12 kabla ya hapo, mwaka 1971, Pacino huyohuyo alicheza filamu iitwayo The Panic in Needle Park, ya Jerry Schatzberg. Humo hana jumba wala walinzi. Ni Bobby, kijana wa New York anayejidunga heroini na kuuza kidogokidogo ili apate ya kujidunga. Mpenzi wake Helen anaanza naye, anauza mwili kwa ajili yake, kisha polisi wanambana mpaka anamsaliti. Filamu nzima haina muziki hata wa sekunde moja; unasikia magari, milango, na pumzi za watu. Kitty Winn aliyecheza Helen alipewa tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwenye tamasha la filamu la Cannes mwaka huohuo. Na mwisho wake ni huu: Bobby anatoka jela, Helen anamngoja nje ya geti, wanaondoka pamoja. Hafi mtu. Unajua tu wanakokwenda.

Ni mwigizaji yuleyule, na biashara ni ileile. Picha ya Bobby sijawahi kuiona ukutani kwa mtu.

Usinielewe vibaya kuhusu Scarface. Oliver Stone aliyeiandika na Brian De Palma aliyeiongoza hawakuficha kwamba Tony anaoza: anamuua rafiki yake, anampoteza dada yake, anafia ndani ya bwawa nyumbani kwake. Lakini sisi tuliotazama hatukubaki na bwawa. Tulibaki na ile sehemu ya dakika chache, wimbo unapiga, magunia ya pesa yanaingizwa benki, harusi, na chui milia kwenye uwanja wa nyumba. Miaka ya kupanda imebanwa ndani ya wimbo mmoja, na mwanadamu hukumbuka alichoimbiwa.

Kuna kipande kingine ambacho naona kina madhara kuliko kile cha mtu kukatwa kwa msumeno kinachowatisha watu wote. Tony yuko New York, ametumwa kusaidia kulipua gari la mtu anayetaka kuwafichua wakubwa wa unga. Anaona mke na watoto wamo ndani, na anakataa. Anamuua mlipuaji ili watoto wapone. Hapo tunampenda. Hapo mwandishi ametuhakikishia kwamba mfanyabiashara wa unga ana mpaka ambao hauvuki.

Miaka 6 baadaye, tarehe 27 Novemba 1989, ndege ya shirika la Avianca, safari namba 203, ilipaa kutoka Bogotá kuelekea Cali, nchini Colombia, ikalipuka angani. Bomu lilitegwa kwa amri ya genge la unga la Medellín, la Pablo Escobar, likimlenga mgombea urais César Gaviria, ambaye hakupanda ndege hiyo. Waliokuwamo 107 walikufa wote, na watu 3 waliangukiwa na mabaki chini. Mwaka 1984 walikuwa wamemuua waziri wa sheria, Rodrigo Lara Bonilla. Mwaka 1986 wakamuua Guillermo Cano, mhariri wa gazeti la El Espectador, akitoka kazini. Huo mpaka wa Tony haukuwapo. Ulitungwa ili tuweze kukaa naye karibu saa tatu bila kumchukia.

Katika muswada wako mpaka huo nao umo: ukurasa wa 71, stelingi wako anawazuia vijana wake wasiuze karibu na shule. Nauliza tu, hilo umelipata wapi? Kama ni kwenye filamu, lifute.

Sasa nifike kwenye lile lililonizuia kukujibu.

Marekani, kuanzia mwaka 1934, kanuni za studio zilikuwa zinasimamiwa kwa ukali, na biashara ya dawa za kulevya haikuruhusiwa kuonyeshwa. Mwaka 1955 mwongozaji Otto Preminger alizikaidi kwa The Man with the Golden Arm, Frank Sinatra akicheza mtu anayepambana na heroini. Filamu ilitoka bila muhuri wa idhini, na mwaka uliofuata kanuni zikalegezwa. Lilikuwa jambo la ujasiri. Ndani yake kuna sehemu maarufu: anafungiwa chumbani mpaka arosto, yale mateso ya kukosa unga, imtoke. Anatetemeka, anapiga mlango, anaomba. Kisha kunakucha, na mtu ni mzima. Tangu wakati huo chumba hicho nimekiona katika filamu nyingi mno. Hubadilika waigizaji na kitanda.

Mjomba wako, mdogo wangu mimi, ulikuwa na miaka minne alipofariki. Tulikuambia aliugua. Aliugua kweli, ila hatukukuambia nini. Alikuwa anajidunga. Kwanza ilipotea redio, kisha pasi, kisha cherehani ya bibi yako, na cherehani ile ndiyo iliyonitoa machozi, maana ndiyo iliyotusomesha. Kila mmoja wetu alijua na hakuna aliyetamka.

Mimi ndiye niliyetoa wazo la chumba. Nilikuwa nimekiona kwenye filamu. Tulimfungia siku 6. Mama yako alimwingizia maji na kusafisha matapishi. Mimi nilikaa mlangoni na ufunguo. Siku ya tatu alilia kwa sauti ambayo bado naisikia. Siku ya sita aliomba maji ya kuoga, akatoka amenyoa ndevu, akamwamkia bibi yako. Tukakumbatiana. Nilijiona nimemwokoa.

Siku ya 21 aliondoka nyumbani asubuhi, hakurudi. Tulikuja kujua alichukua kiasi kilekile alichokuwa akitumia zamani. Daktari mmoja ndiye aliyenieleza baadaye, kwa upole: mwili wa mtumiaji huzoea dozi kubwa kidogokidogo, na akiacha hata kwa wiki chache mazoea hayo hushuka. Dozi ambayo mwezi uliopita ilimtuliza tu, sasa inazima pumzi. Ndiyo maana wengi hufa wakiwa wametoka jela, au wametoka kwenye chumba kama kile chetu. Alinieleza kuhusu methadoni, dawa ambayo mgonjwa hunywa kila siku chini ya uangalizi na maisha yake yakaanza kukaa sawa. Alinieleza kuhusu naloksoni, inayopuliziwa puani au kudungwa, na inayoweza kumrudishia pumzi mtu aliyezidisha heroini kama itawahi. Nilikuwa nimetazama filamu za unga miaka 20, na nilijua bei, magenge, na jinsi mzigo unavyofichwa kwenye tairi. Hayo mawili sikuwahi kuyasikia.

Siandiki haya ili kuitupia sinema mzigo wangu. Ufunguo niliushika mimi. Ila kamera ilipoondoka chumbani asubuhi ile, iliniacha nikiamini kazi imekwisha, na kumbe hatari ndiyo ilikuwa inaanza.

Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 296 duniani walitumia dawa za kulevya, na milioni 39.5 kati yao walikuwa wameshafikia hatua ya ugonjwa. Marekani peke yake, mwaka 2022, zaidi ya watu 100,000 walikufa kwa kuzidisha dozi. Linganisha na maiti zinazohesabiwa kwenye filamu zetu. Karibu zote ni za risasi, yaani za wauzaji wanaouana wao kwa wao. Hata American Gangster ya Ridley Scott, ya mwaka 2007, inayojitahidi kuonyesha watu wakijidunga wakati familia ya Frank Lucas, muuza heroini, imekaa mezani kwenye sikukuu, inawapa sekunde chache tu kisha inarudi mezani. Meza ina jina la kila aliyekaa.

Wapo waliofanya vingine, na ningependa uwatazame kabla ya kuandika upya. Maria Full of Grace ya mwaka 2004, ya Joshua Marston, inamfuata msichana wa miaka 17 wa Colombia anayetoa miiba kwenye maua ya waridi kiwandani. Ana mimba, ameacha kazi, na anakubali kuwa punda, yaani kusafirisha unga tumboni. Anameza vifuko 62. Vifuko vyenyewe unaviona vikishuka kooni kimoja baada ya kingine, na mwenzake kimoja kinampasukia tumboni. Wakubwa wa biashara karibu hawaonekani. Hawahitajiki, kwa sababu biashara nzima imo ndani ya tumbo la yule binti. Catalina Sandino Moreno aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo, na ilikuwa filamu yake ya kwanza.

Traffic ya Steven Soderbergh, ya mwaka 2000, nina ugomvi nayo kidogo: inapotaka kuonyesha binti wa tajiri ameanguka mpaka chini kabisa, inamlaza na muuzaji mweusi, kana kwamba hilo ndilo shimo lenyewe. Lakini yule baba, jaji aliyeteuliwa kuongoza vita dhidi ya dawa za kulevya, anasimama mbele ya waandishi wa habari na hotuba inamshinda. Hajui atapigana vipi vita ambavyo adui yake ni mwanawe. Mimi nilisimama kwenye hotuba ile. Kwangu ilikuwa mlangoni, na ufunguo mkononi.

Na kama una muda, tamthilia ya The Wire ya David Simon, iliyoonyeshwa kuanzia mwaka 2002 hadi 2008. Humo yumo Bubbles, teja wa Baltimore, aliyechezwa na Andre Royo. Misimu 5 anaanguka, anaacha, anarudia, anampoteza kijana aliyekuwa anamlea. Dada yake anamruhusu kulala katika chumba cha chini ya nyumba, lakini mlango wa ngazi ya kwenda juu anaufunga, na ana haki ya kuufunga. Katika sehemu ya mwisho kabisa Bubbles anapanda ngazi, mlango uko wazi, anaketi kula na dada yake. Basi. Hakuna hotuba. Ilibidi tungoje miaka 6 kuona mtu akipanda ngazi, na ndiyo maana tunamwamini. Filamu ya saa mbili haina miaka 6, najua. Lakini inaweza kumfanya mtazamaji ahisi kwamba muda umepita na mtu bado anangoja.

Kwa hiyo sikuombi uache muswada. Sikuombi hata uondoe bunduki. Nakuomba urudi ukurasa wa 40. Yule mwanamke mwenye mtoto mgongoni, mfuate anapotoka pale. Anakwenda wapi na ile kete? Mtoto anamwachia nani? Nani yuko nyumbani anayejua na hatamki? Ukimfuata dakika 10 tu, yule stelingi wako mwenye majina matatu atabadilika bila wewe kumgusa, kwa kuwa kila tutakapomwona tena tutakuwa tunajua pesa ile imetoka mkononi mwa nani.

Umesema unakosa jina la mmoja wa wale mateja wawili. Nilikwenda kwa bibi yako wiki iliyopita nikamweleza unachoandika, nikamwomba ruhusa utumie jina la mjomba wako. Alinyamaza muda mrefu, akaniuliza kama watu wengi wataiona. Nikamwambia huenda. Akasema, "Mwambie alitumie. Ila asimwonyeshe amelala chini. Amwonyeshe anatembea, alikuwa na mwendo mzuri."

Wako,
Mjomba