Kuhusu kile kisanduku chako cha spektra

Mpendwa Salome,

Habari za huko, na wanafunzi hawajambo? Picha ulizonitumia za kile kisanduku, kinachotumia kipande cha DVD kuuchambua mwanga kuwa rangi zake (spektra), nimezitazama moja moja. Rangi zipo, ila zimeingiliana kama upinde wa mvua uliofifia, na taa ya tyubu ilipaswa kukupa mistari iliyoachana. Usiilaumu DVD. Kasoro iko kwenye mwanya, ule ufa mwembamba unaoingiza mwanga.

Kadibodi iliyokatwa kwa mkasi huacha nyuzinyuzi, na upana haulingani juu na chini. Chukua wembe, uvunje katikati ukiwa bado ndani ya karatasi yake, kisha bandika vipande viwili juu ya tundu, makali yakitazamana. Unapobandika, weka karatasi ya daftari katikati ya makali hayo, halafu uichomoe. Unene wake ni kama milimita 0.1, na ndio upana tunaoutaka. Mwanya ukifika milimita 1, kila mstari hunenepa na kummeza jirani yake.

Nakusifu kwa kuchagua DVD tupu badala ya CD. Mifereji midogo ya CD, ile inayotawanya mwanga, imeachana kwa mikromita 1.6 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), ya DVD kwa 0.74 tu, kwa hiyo DVD hutawanya rangi zaidi. Ipasue matabaka mawili, tumia lile lisilo na utando wa fedha, na ulioshe kwa spiriti mpaka ile rangi ya zambarau iishe. Kipande cha sentimita 2 kinatosha, lakini ukikate ukingoni mwa nje, ambako mifereji haijapinda sana. Halafu hakikisha mifereji iko sambamba na mwanya. Ikikaa kimshazari mistari hulala. Ikiukata mwanya kama msalaba, rangi hutawanyika kwa kufuata urefu wa mwanya wenyewe na mistari hupotea kabisa.

Umbali wa sentimita 20 kati ya mwanya na DVD unafaa. Simu usiielekeze kwenye mwanya: kama mwanga unakipiga kipande wima, buluu ya zebaki iliyo ndani ya taa ya tyubu hutoka kwa digrii 36 hivi, kijani 48, nyekundu ya taa hiyo karibu 56. Toboa tundu la kutazamia upande huo. Ndani paka rangi nyeusi isiyong'aa, na viungo vyote vizibe kwa tepu nyeusi ya mafundi umeme, maana mwanga unaopenya pembeni ndio ulioleta ule ukungu. Kwenye simu, funga fokasi na upunguze mwangaza mwenyewe. Ikiachwa ijiamulie, huunguza mistari mikali ikawa myeupe.

Sasa kipimo, yaani kujua kila pikseli ya picha ni nanomita ngapi za urefu wa wimbi la mwanga. Katika taa hiyo zebaki hutoa mstari wa buluu wa nanomita 435.8 na wa kijani wa 546.1. Tofauti ni 110.3. Ukihesabu pikseli 551 kati yake, kila pikseli ni nanomita 0.2. Angalia sana hapo kwenye kijani: kando yake kuna mstari wa tabiamu, elementi iliyo kwenye unga mweupe wa taa, karibu 542. Ukiwa na mwanya mzuri utaona miwili. Mwanya mpana huiunganisha, nawe utaweka alama katikati na vipimo vyako vyote vitahama. Kwa hiyo usipime chochote kabla kijani hakijagawanyika. Kagua pia kwa nyekundu ya yuropiamu, elementi nyingine ya unga huo, karibu 611, kwa sababu kipimo hupinda kidogo upande huo.

Baada ya hapo wape wanafunzi chumvi kwenye mwali wa spiriti. Mstari wa njano ukiangukia karibu 589, hiyo ni sodiamu, na kisanduku kiko sawa. Mchana wakielekeze kwenye karatasi nyeupe iliyo juani, kamwe si kwenye jua lenyewe, watafute mstari mweusi mahali palepale. Mwanafizikia Fraunhofer aliichora mistari hiyo ya jua tangu 1814. Wanasayansi Kirchhoff na Bunsen ndio waliokuja kuifafanua, mwaka 1859 na 1860.

Nitumie picha mpya ukishabadilisha mwanya, hata kama bado haijakaa vizuri. Nisalimie walimu wenzako wa maabara.

Wako,
Hamisi