Kwa nini kuku hana masikio kama ya mbuzi

Mwanangu Zuhura,

Ile kanuni mnayopeana bwenini, kwamba mwenye masikio ya nje huzaa na asiye nayo hutaga, hata sisi tulikua nayo, na mara nyingi inapatia. Ila haielezi kitu. Kifutu huzaa watoto hai kwa makumi, naye hana hata tundu la sikio. Pomboo anazaa na kunyonyesha, lakini pembeni mwa kichwa hapana kitu kilichochomoza.

Anza na kuku, mama. Fukunyua manyoya nyuma ya jicho, utaliona tundu. Kile kinyama chekundu au cheupe chini yake ni ndewe tu. Kuku anasikia vizuri, lakini sauti nyembamba sana zinampita. Ndege wengi hawavuki hezi 10,000 hivi (hezi ni mtetemo mmoja kwa sekunde), wakati paka hupita 60,000 na popo wengi 100,000. Sasa angalia: sauti ya hezi 1,000 hewani ina wimbi la sentimita 34 hivi, hivyo hulizunguka sikio dogo na kwenda zake. Ya hezi 20,000 ina wimbi la sentimita 1.7, hiyo hugonga ukuta wa sikio na kuelekezwa tunduni. Asiyezisikia sauti za namna hiyo, sikio la nje lingemning'inia bure.

Mamalia walianzaje kuzisikia sauti hizo nyembamba? Hapa ndipo ninapopapenda. Katika sikio letu la kati mna mifupa mitatu: nyundo, fuawe na kikuku. Ndege na mijusi wana mmoja. Visukuku vinaonyesha kwamba nyundo na fuawe zilikuwa mifupa ya kiungo cha taya kwa mababu zetu wa kale, zikapungua kidogo kidogo hadi zikahamia sikioni. Yaani unasikia kwa taya la zamani! Mamalia wengi wa mwanzo, zama za dinosaria, walikuwa wadogo wanaowinda wadudu usiku. Kichwa kikiwa kidogo, sauti hufika masikio yote mawili karibu kwa pamoja. Sauti nyembamba ndizo zinazosaidia kujua upande, maana kichwa huzikinga.

Mjusi hutumia njia nyingine. Masikio yake yameunganika kupitia kinywani, hivyo kiwambo cha sikio hupigwa na sauti kwa nje na kwa ndani, na tofauti hiyo humwonyesha upande. Mmulike mjusi wa ukutani sikio moja kwa tochi, mwanga utatokea sikio la pili. Bundi naye uso wake wa duara ndio unaokusanya sauti. Vile vishungi vya kichwani kwa baadhi yao ni manyoya matupu.

Waliokuwa na masikio ya nje wakayapoteza ni pomboo na nguva. Majini sauti hupenya mwilini moja kwa moja, na sikio lingewakwamisha tu wakiogelea; pomboo huipokea kwa mafuta ya taya la chini. Fuko naye, kwenye mashimo yake, yangemjaa mchanga.

Wahenga walisema sikio halipiti kichwa, lakini bweha masikio wa Serengeti amekaribia: ndiyo yanayomsikilizia mchwa. Ya tembo ni makubwa kwa sababu nyingine zaidi, kupoza damu, na hilo nitakuandikia ukimaliza mitihani.

Baba yako