Taarifa ya Mwaka 2024 ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Jumuiya ya Bustani

Ndugu wanachama, Assalamu alaykum.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitazirefusha. Kitalu kilimwagiliwa, mbolea ya ng'ombe ililetwa, kisima kilisafishwa, miche ya mboga iligaiwa. Kuhusu ua, yaani uzio wa miti ya kuzuia mbuzi wasiingie bustanini: mbegu za mchongoma na mtandamboo tulizookota wenyewe kwenye vichaka vya Micheweni zilitoa miche 1,100, tukapanda 900 wakati wa masika kwa mistari miwili ya kupishana, kila mche na mwenziwe sentimita 40, mzunguko wa mita 180. Iliyo hai hadi leo ni 762.

Sasa nije kwenye lile lililosemwa sana barazani. Mwezi wa Oktoba, vuli ilipoanza, niliikata miche ikabaki shubiri moja na nusu kutoka ardhini, na mingi ilikuwa imeshafika mapajani. Mzee mmoja alisimama akasema, "Mwenyekiti katukatia mwaka mzima." Maneno yale yaliniingia, kwa kuwa miche hiyo niliimwagilia mimi kiangazi chote, ndoo kwa ndoo.

Sikukurupuka. Niliwaita wajumbe wote wa kamati, wakaja watatu, na wote watatu walikubali. Mchongoma ukiachwa urefuke juu tu, chini unabaki mtupu, na mbuzi hapiti juu, anapita chini. Ukikatwa kilele ungali mdogo, nguvu inarudi kwenye macho ya chini na matawi yanatoka ubavuni. Wiki tatu baadaye niliuangalia mche ulio karibu na lango: palipokuwa na shina moja palikuwa na machipukizi saba, majani yake mekundu bado, miiba ikianza kuwa migumu.

Kwa heshima ya waliopinga, miche 20 ya upande wa kisimani niliiacha kama ilivyo. Mwezi wa Disemba mbuzi waliingia bustanini wakala mchicha matuta mawili, na walipita pale pale kisimani. Nendeni mkatazame, nyayo na manyoya yapo hadi leo.

Wapo waliotaka seng'enge. Ile ya mwanzo mnaikumbuka, upepo wa chumvi uliila. Wapo waliotaka mnyaa kwa kuwa unashika upesi. Ni kweli unashika, ila utomvu wake ukiingia jichoni ni balaa, na watoto wetu wanacheza pale kila jioni. Nilikataa, na ningeulizwa leo ningekataa tena. Vilevile msishangae michongoma mingine isipozaa: mchongoma una mti dume na mti jike, na kwa ua yote miwili inafaa.

Mahudhurio yamenisikitisha. Siku ya kupanda tulikuwa 17, siku ya kupalilia 6, na siku ya kulalamikia ukataji walikuja 39. Wangekuja 39 kupalilia, huenda ile miche 138 isingekufa kwa kusongwa na majani.

Daftari la mshika fedha linasema hivi: wanachama 64, ada shilingi 12,000 kwa mwaka, waliolipa 23, sawa na 276,000, bakaa ya mwaka uliopita 410,000, jumla 686,000, matumizi 552,000, zilizobaki 134,000. Wasiolipa ni 41 na deni lao ni 492,000. Majina sitayasoma hapa, lakini kila mmoja anajijua, na baadhi yao ndio waliosema kwa sauti kubwa kwamba fedha zinapotea.

Mwakani, Inshaallah, tunatarajia kuziba mapengo, kupanda mihina kando ya njia, na pengine kuwapa watoto wa skuli miche ya kwenda nayo nyumbani, hali ikiruhusu. Ile 20 ya kisimani nitaikata masika yakianza, Ijumaa baada ya Alasiri. Mkasi ninao mmoja. Mwenye wake aje nao.

Wabillahi tawfiq.

Mwenyekiti