Bwana Jourdain alijua bei

Tanga, Jumapili jioni

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto. Sisi wazima, ila joto tu. Barua yako nilimsomea mama, akacheka mpaka akakohoa pale uliposema kuwa Bwana Jourdain, yule tajiri anayetamani uungwana katika Mchuuzi Mwungwana, mchezo wa Mfaransa Molière, maskini kaonewa na matapeli. Hapo, shoga, tunakosana.

Mkumbuke kijana wa fundi nguo. Anamwita muungwana, mzee anatoa bakshishi. Anampandisha kuwa mheshimiwa, anaongeza. Anampandisha kuwa mtukufu, anaongeza tena, huku akijisemea kando kwamba kijana akifika kwenye cheo cha kina mwana wa mfalme, basi mfuko wote utakwenda. Kijana anakomea hapo, naye anashukuru, maana alikuwa tayari kuumaliza! Mtu huyo anajua bei ya kila uongo. Bado ni mchuuzi, kilichobadilika ni bidhaa.

Halafu habari ya baba yake. Mkewe kamkumbusha waziwazi kwamba baba zao wote wawili waliuza vitambaa. Anakuja Covielle, mtumishi wa kijana anayemposa binti wa Jourdain, kajigeuza msafiri, na kumwambia: baba yako muuza duka? Hata! Alikuwa mjuzi wa vitambaa, akawachagulia rafiki zake na kuwapa, kwa fedha. Jourdain anafurahi kwamba sasa ana shahidi. Nani awezaye kukudanganya juu ya baba yako mzazi usipomsaidia?

Dorante, yule bwana wa ikulu anayemkopa kila mara, ni mwizi, hilo nakupa. Deni lake linafika livre 18,000, fedha ya Ufaransa ya zamani. Lakini kila akikopa anamlipa mzee kwa maneno: leo asubuhi nilikutaja chumbani kwa mfalme. Mzee hataki zaidi ya hayo. Na Cléonte, anayemtaka binti kwa nia njema, akaulizwa kama ni wa ukoo wa kiungwana, akajibu kweli kwamba siye. Akakataliwa papo hapo. Ikabidi arudi na kilemba, akijifanya mwana wa Sultani wa Waturuki, ndipo akapewa mke. Mzee mwenyewe akapigwa fimbo ili apate cheo cha mamamouchi, cheo cha Kituruki cha kubuni tu, na akapokea!

Mchezo ulionyeshwa mara ya kwanza katika kasri la Chambord, Ufaransa, Oktoba 1670, mbele ya Mfalme Louis XIV, na Molière mwenyewe ndiye aliyekuwa Jourdain. Nawafikiria wale mabwana wa ikulu wakimcheka mtu anayetamani kuwa kama wao, na Dorante, mwenzao, ndiye mwizi. Sijui wangapi walicheka mpaka mwisho.

Kinachonisumbua ni mkewe. Anapigana mchezo mzima, kisha ananong'onezwa siri kwamba Mturuki huyo ni Cléonte na kukubali kunyamaza, pazia linafungwa mumewe akiwa bado mamamouchi. Wewe ungemwambia? Nijibu kabla ya mwezi kuisha, na usinizungushe.

Shoga yako,
Zuhura